Sangala kwa Herufi Ndogo

Suzana na Pili, wenzangu wa chumba cha chapa,

Leo nimeadhirika. Kaeni kwanza. Kama kuna kitu jikoni, epueni, maana mkiishia katikati mtanidhania mjinga nusu, na mimi leo nimekuwa mjinga kamili.

Hali yangu mnaijua tangu ushirika ulipotupunguza na mashine zetu za chapa zikapelekwa stoo. Siku hizi kila tangazo la kazi hapa Mwanza linataka ujuzi wa kompyuta. Karani, kompyuta. Mtunza stoo, kompyuta. Juzi nimeona wanatafuta mlinzi, nikasoma tangazo mpaka chini nikiogopa. (Yeye walitaka awe na filimbi tu.) Basi nikajifunga kibwebwe, nikachukua kozi ya miezi mitatu pale Nyamagana, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, watu sita kwa mashine moja. Cheti ninacho. Lakini kaka yangu naye ameshaandika kutoka kwetu Majita: mwezi huu ukiisha sijapata kazi, nirudi nyumbani nikaanike dagaa, na mwanangu Neema ahamie shule ya kule. Neema yuko darasa la sita na amesema haendi popote. Kwa hiyo leo sikuwa na mchezo.

Usaili ulikuwa saa tatu, kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki huko ufukweni. Nimetoka nyumbani Mirongo mapema, nywele nimesuka jana, sketi yangu ile ya bluu ya kuendea mikutano. Nilipofika mlango wa ofisi nikavua viatu. Msinicheke bado, hapo si penyewe. Kule chuoni tulikuwa tunavua mlangoni ili mashine zisivute vumbi, mguu ukazoea. Nikaingia na soksi ndefu, kidole gumba cha kulia kinachungulia nje.

Meneja ni mwanamke, Mhaya, wanamwita Mama Koku. Mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Akaniangalia usoni, akashuka taratibu mpaka kwenye kidole.

"Dada, viatu vimekosa nini?"

"Nailinda kompyuta, mama. Vumbi."

"Hapa tunakata samaki. Vaa viatu vyako."

Nikarudi nikavaa. Akasoma cheti mbele na nyuma (nyuma hakuna kitu), akauliza, "Kompyuta unaijua?"

"Naijua sana, mama."

(Naijua. Hiyo "sana" mpaka sasa sielewi ilitoka wapi.)

Akasema ana mtihani mmoja tu. Niwashe mashine, yeye atatamka barua ya kwenda kwa mnunuzi wao wa Dar, mimi niipige, niitoe kwenye printa. Nikasema moyoni, huyu anataka kunipa kazi bure. Nikabonyeza, mashine ikanguruma, ikatoa kidirisha inaomba neno la siri.

Sasa hilo neno lilikuwa kwa Mzee Masanja. Huyu ni karani wa mizigo, Msukuma mtu mzima wa mvi, ndiye pekee aliyekuwa akiitumia ile kompyuta, kwa kidole kimoja. Nilikuwa nimekutana naye getini nikampa shikamoo, akaniitikia, "Malahaba, kalibu sana." Nikang'ata mdomo nisicheke. Ninyi mnanijua ninavyowatania Wasukuma na L zao. Chumba kile cha chapa nilikuwa naigiza mpaka Pili anaomba nimhurumie mbavu.

Mama Koku akaita, "Mzee, neno la siri ni lipi?"

Mzee alikuwa chumba cha pili anahesabu maboksi, akajibu kwa sauti, "Sangala. Helufi ndogo zote."

Nikatabasamu. Maskini mzee wa watu, anataka kusema sangara, samaki wetu wa ziwani. Nikapiga sangara. Kwenye kioo zinatokea nyota tupu, huoni ulichoandika. Mashine ikakataa. Nikapiga tena polepole. Ikakataa. Nikapiga kwa herufi kubwa, nikapiga sato, nikapiga samaki. Ikakataa zote. Jasho likaanza kunitoka chini ya sketi ya mikutano.

Hapo ningeuliza tu. Mtu mwenye akili angeinuka, akaenda chumba cha pili akauliza. Mimi nikakunja uso kama mwalimu wetu wa kozi anavyofanya umeme ukikatika, nikasema, "Mama, hii mashine ina virusi."

Mama Koku akavuta kikombe chake cha chai mbali na kompyuta.

"Virusi gani?"

"Vya kwenye neno la siri. Vinakula herufi. Dawa yake ni kufuta kila kitu, tuanze upya."

"Kufuta? Mizigo yote ya Ulaya ya mwaka mzima imo humo ndani. Mzee Masanja! Njoo hapa haraka."

Mzee akaja na kalamu sikioni. Hakukaa hata kwenye kiti. Akainama, akatoa kidole chake kimoja, akaanza kutafuta herufi moja moja huku akizitaja: s, a, n, g, a, akafika kwenye l, akaigonga, akamalizia a. Mashine ikafunguka.

"Nilisema sangala," akaniambia kwa upole.

"Mzee, nilijua unamaanisha sangara."

"Ndiyo. Sangala."

Wenzangu, pale nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Mungu alinipa kabisa, iko wazi kama lango. Nikaiacha. Nikamgeukia Mama Koku, nikaanza kumpa somo. Kwamba kosa halikuwa langu. Kwamba mzee amechanganya L na R, na huo ni ugonjwa wa watu wa huku. Kwamba kompyuta ni chombo cha watu makini, haijui Kisukuma, herufi moja tu ikikosewa kampuni inapata hasara. Mzee Masanja alisimama pale akisikiliza, mikono nyuma.

"Vizuri," Mama Koku akasema. "Tuandike barua."

Akaanza kutembea huku na huku akitamka. Na mimi nikapiga kwa vidole kumi, macho juu, siangalii hata kibao. Mwajua mbio zangu. Mzee alibaki mlangoni kuangalia, nikaongeza mbio ili aone watu wanavyofanya kazi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipochinjwa. Miaka tisa tulinakili miandiko ya mabosi, karatasi iko mbele, herufi unaziona. Sikuwahi hata siku moja kuandikishwa kwa kutamkiwa. Leo nilikuwa naandika ninachosikia, na ninachosikia kinapita kwanza kwenye sikio la Majita. Jambo la pili, mwalimu alituambia kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Kweli inapiga. Ila ile mashine inajua Kiingereza tu, kwa hiyo barua yote ilikuwa nyekundu, kuanzia "Ndugu" mpaka "Wako mtiifu". Nikaona haina maana kuhangaika nayo.

Printa ikapiga kelele yake, karatasi ikatoka. Nikazichana zile kingo zake za vitobo kwa madaha, nikamkabidhi Mama Koku kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Ndugu mteja. Tuna furaha kukujulisha kuwa kampuni yetu imepata mahari pazuri."

Akasogeza karatasi karibu.

"Imepata mahari pazuri pa kuhifadhia minofu. Mahari pa zamani parikuwa padogo. Tunakuomba uje mwenyewe kuona mahari hapo kabla ya kutuma gari."

Hapo nikasikia R zangu zote zinarudi moja moja. Nimemtangazia mnunuzi wa Dar kwamba kampuni imeposwa.

Mzee Masanja akakohoa pale mlangoni. Akauliza kwa heshima zote, kama mtu aliye kwenye kikao cha ukoo, "Na hiyo mahali yenyewe, ng'ombe wangapi?"

Mama Koku akakaa. Akavua miwani, akacheka mpaka akaweka kichwa mezani. Akina mama wa kukata minofu wakaja dirishani na kofia zao nyeupe na mabuti, wakapokezana karatasi, kila aliyeisoma akaniangalia sketi. Mmoja akauliza bwana harusi ni sangara au sato. Mimi nilikuwa nimesimama na cheti changu kifuani, nawaza dagaa, na Neema, na jinsi nitakavyomwambia kaka kwamba kazi nimeikosa kwa sababu ya mahari.

Nikaona aibu, wenzangu, na si ya barua tu. Nikamwendea mzee, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Mzee, naomba unisamehe. Nimekutolea maneno ambayo sikuwa na haki nayo."

"Hakuna taabu, binti," akasema. "Mimi kwetu wamenicheka tangu dalasa la kwanza. Wewe umeanza leo, utazoea."

Nikachukua mkoba wangu. Mama Koku akainua kichwa, macho yamelowa machozi ya kicheko.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Nyumbani, mama."

"Nani amekwambia uende? Barua hii Masanja ingemchukua siku mbili, wewe umeipiga kabla chai yangu haijapoa." Akatuangalia, mimi, kisha mzee, kisha mimi. "Huyu anaandika mahari akitaka mahali. Huyu anasema mahali akitaka mahari. Nikiwaunganisha ninyi wawili nitapata mtu mmoja anayejua Kiswahili. Jumatatu saa mbili. Wewe utapiga, mzee atasoma, na hakuna karatasi itakayotoka hapa bila ninyi wote wawili kuweka sahihi."

Nilitaka kulia. Nikashukuru mara nne. Nikaomba jambo moja tu, kwamba tubadilishe lile neno la siri tuweke sangara sahihi.

"Hapana," akasema Mzee Masanja. "Hilo libaki. Mwizi Mjita hataliweza."

Basi ndiyo hivyo. Kazi nimepata, na jina nimepata: wakati natoka getini mlinzi ameniaga kwa kuniita Bibi Harusi. Neema nimemweleza, amecheka mpaka ameangusha sahani, lakini shule haachi. Tafadhali ninyi msicheke, na Suzana usiisome barua hii kwa sauti mbele ya shemeji. Nimeikagua mara tatu kwa kalamu nyekundu, kila L na kila R, kwa hiyo hamtapata cha kunisema.

Wenu,
Nyabwire

NB: Mkija Mwanza msihangaike na gesti. Mahari pa kulala ninapo.