Kilo Ishirini na Tatu za Maji

Zahari alipoliona lile bomba la shaba kwenye vifusi vya hamamu iliyobomolewa, aliona harusi yake imelala chini, inamsubiri. Mama Tsona, mamake mchumba wake Ivelina, alikuwa amekata shauri: kijana asiyeleta mtambo wa shaba wa kupikia rakia, ile pombe kali ya matunda, haoi kwake. Ognyan, muuza vyuma chakavu pale mjini Pleven, alikuwa nao mmoja wa kilo arobaini, na alibadilishana kwa shaba, kilo kwa kilo.

Bomba lenyewe lilikuwa na kilo kumi na nane tu. Zahari akatoa rula.

"Nusu ya upana wa tundu ni sentimita tano," alimwambia Ivelina. "Tano mara tano, mara tatu nukta moja nne, mara urefu wa mita tatu. Lita ishirini na tatu na nusu. Kila lita ya maji ni kilo moja. Tunaziba ncha zote mbili, basi."

"Yaani unanioa kwa maji?"

"Kwa maji yaliyopimwa, mpenzi."

Lakini Januari ya Pleven haina adabu. Maji yangeganda na kulipasua bomba kabla ya kufika kwenye mizani. Kilitakiwa kimiminika kisichoganda, na chini ya nyumba ya Mama Tsona kulikuwa na pipa la rakia ya plamu, lililowekwa siku Ivelina alipozaliwa ili lifunguliwe siku ya harusi yake. Zahari alitafakari kama jaji: bila mtambo hakuna harusi, na bila harusi pipa halina kazi. Akamimina. Rakia ni nyepesi kidogo kuliko maji, ila ilitosha.

Ognyan alilipima bomba, akalitikisa, akanusa kizibo. Uso wake ukabaki mkavu.

"Shaba nzito hii, kaka."

"Ya zamani."

"Naam, uzee wake nausikia."

Akautoa mtambo bila ubishi.

Jumapili Zahari aliupeleka kwa Mama Tsona, akaambiwa mama yuko kwa Ognyan, ambaye amelitia bomba koki na anawanywesha mtaa mzima. Alikimbia huko. Mama Tsona alikuwa ameshaonja, machozi yanamlengalenga.

"Hii ni rakia ya marehemu mume wangu. Umeitoa wapi, Ognyan?"

Ognyan akamwonyesha Zahari kwa kidevu.

"Na pipani mwangu sasa mna nini?" mama akauliza taratibu.

"Maji, mama. Lita ishirini na tatu na nusu. Nimeyapima."

"Basi yatunze vizuri, mwanangu. Ndiyo utakayokunywa siku Ivelina akiolewa na mwingine."