Jiko la Mvumbuzi Mmoja

Jumatatu, 4 Novemba 2013
Jiko limefaulu! Linakula maganda ya karanga, linachemsha sufuria ya chai kwa dakika sita, makaa hakuna. Shirika moja la misaada linataka majiko mia tatu. Ofisi ya utafiti ya chuo tunachofundisha hapa Juba imetupa fomu ya umiliki: tuirudishe kufikia tarehe 15, na sampuli, na majina ya wavumbuzi wote. Wote! Fomu ina mistari sita. Mimi nahitaji mmoja. Ni kweli mwenzangu Nyakong ndiye aliyepima moto miezi minane na kugundua matundu ya hewa yakae wapi. Lakini wazo lilikuwa langu. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu yeye alisomea Khartoum, kwa Kiarabu. Hataambulia kitu.

Jumatano, 6 Novemba
Sampuli iko kwa Nyakong, chini ya kufuli. Nitaunda yangu. Mafundi wa kuchomelea huiba, hilo nalijua, nimekulia Nakuru. Kwa hiyo nimeligawa jiko. Tumbo kwa Ponsiano, mtaa wa Hai Cinema. Wavu kwa Okumu, Nyakuron. Bomba la moshi kwa Owen, Hai Malakal. Kila mmoja nimemwambia ni kifaa cha kulishia kuku, nikaandika hivyo kwenye mchoro wake na kutia sahihi. Vipimo pia nimevipotosha kidogo, ili wakiiba waibe vibaya. Bodaboda, jua, vumbi. Lakini akili ninayo!

Jumamosi, 9 Novemba
Vipande vimekuja. Haviingiani. Sikumbuki nilipotosha kipimo kipi. Ponsiano akaomba nimwonyeshe kitu kizima, akirekebishe bure. Nikamwambia kuku hawana haraka.

Jumanne, 12 Novemba
Nilikaa kunywa chai kwa Amou, muuza chai wa Hai Cinema. Chai ilikuja upesi mno. Nikainama kutazama. Jiko langu! Tena limeongezwa mlango wa kutolea majivu. Mlango mzuri. Iliniuma.

Kumbe mafundi wangu wote watatu wametoka Tororo, Uganda, na huimba kwaya moja. Jumapili baada ya ibada wakaulizana habari za kuku wa mwalimu, wakaweka michoro pamoja, wakasahihisha vipimo. Wameshauza majiko kumi na moja.

Nikapiga kelele, wezi! Watu wakajaa. Ponsiano akanionyesha sahihi yangu, kwa heshima zote. "Mwalimu, wewe ilituletea kazi ya kuku. Hii iko ya chai." Mchoro ukapita mkono kwa mkono. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kunisikia nikitaja jiko. Nimeaibika vibaya.

Alhamisi, 14 Novemba
Nyakong amesikia. Badala ya kunicheka akaleta daftari lake la maabara: kila jaribio, tarehe yake, sahihi yake na yangu. Afisa wa ofisi ya utafiti akasema ushahidi huo unatosha kabisa. Jiko ni letu. Tuandike majina yetu mawili, mafundi wapewe haki ya ule mlango, shirika linunue. Nyakong akaninyooshea kalamu, akaniita akhui, ndugu yangu, akasema niandike langu kwanza. Nilikaribia kulia. Nikaomba nifikirie hadi kesho.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimefikiria. Fomu ya jiko ameijaza Nyakong pamoja na mafundi watatu. Walinibembeleza nusu saa. Nikakataa, siwezi kubanana na watu wanne kwenye karatasi moja. Nikaomba fomu nyingine, na michoro yangu. Mafundi wakanipa bila kinyongo.

Nimejaza: kifaa cha kulishia kuku. Ushahidi: michoro mitatu, sahihi yangu juu ya kila mmoja. Mvumbuzi: mmoja. Afisa akagonga muhuri. Nimeshinda!

Pale mlangoni Nyakong akaniuliza, kwa upole, kama nimewahi kufuga kuku. Nikaficha fomu yangu kwapani. Ningemjibu, kesho angedai jina lake liandikwe.