Mamba wa Chumba cha Kusubiri

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mamba amekufa.

Si mamba wa mtoni. Ni yule wa plastiki anayekaa kwenye kona ya chumba cha kusubiri hapa kliniki ya meno, urefu mita moja na ushei. Ukimgusa kichwani anazungusha macho, anafungua mdomo na kusema, "Fungua kinywa, rafiki yangu!" Watoto wakimwona wanafungua vyao bila kubembelezwa. Leo asubuhi kaganda mdomo wazi, jicho moja juu, jingine chini. Mtoto wa kwanza kumwona alisema mguu niponye mpaka barabarani, mama yake nyuma na kiatu kimoja mkononi.

Hilo dogo. Kubwa limekuja wakati wa chai. Daktari katangaza kwamba anafikiria kuacha kutengeneza meno bandia hapa. Kazi ipelekwe kwenye maabara kubwa, na chumba changu kiwe cha mashine ya picha za meno. Ataamua Jumatatu ijayo. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye chumba kile! Mita mbili kwa tatu, dirisha moja, jiko la kuyeyushia nta, na mimi. Nikitoka hapo niende wapi? Dunia nzima hii mimi najua kutengeneza meno tu.

Hapana, nimekosea. Najua mengi. Ndiyo maana wazo limenijia kabla chai haijapoa: atakayemfufua Mamba hafukuzwi. Nani atathubutu?

Daktari alishaagiza Mamba apelekwe kwa Fundi Simu, yule mwenye kibanda hapo chini. Nikamwambia aniachie mimi. Kaniangalia sana. Kasema afadhali nimalize meno ya Bibi, yule mgonjwa wetu mzee, maana harusi ya mjukuu wake ni Jumamosi. Nikasema Bibi asiwe na shaka. Kisha nikambeba Mamba mgongoni hadi chumbani kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemvua Mamba ngozi. Skrubu ishirini na tatu, nimezitia kwenye kikombe cha kusukutulia.

Sikutegemea kufurahi hivi! Ndani kuna mota ndogo inayozungusha gia. Gia kubwa, ukubwa wa kisahani cha chai, inazungusha kipande cha duara chenye nundu. Nundu ikifika juu inasukuma kijiti, kijiti kinavuta kamba, mdomo unafunguka. Nundu ikipita, springi inaufunga. Macho nayo yanaendeshwa na waya mmoja tu! Miaka yote nilidhani mle ndani kuna kompyuta. Kumbe kamba na nundu. Nimezungusha gia kwa kidole labda mara hamsini, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Na ugonjwa nimeuona. Gia kubwa imeng'oka jino moja. Ikifika hapo inateleza palepale na mdomo haufungiki.

Dada wa Mapokezi kaja kuazima mkasi, kakuta Mamba hana ngozi na macho yananing'inia. Kapiga ukelele. Wagonjwa wawili wameondoka mbio, mmoja tayari alikuwa amechomwa ganzi. Analaumiwa nani? Mimi! Angepiga hodi.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Simu kapanda ngazi bila kuitwa. Kachungulia, kasema ni gia tu, anayo kama hiyo kwenye makopo yake, kesho ataleta. Bure! Huyu mtu ana lake jambo. Leo gia ya bure, kesho atakalia kiti changu. Nimemshukuru, nikamwambia Mamba yuko mikononi mwa mtaalamu.

Mtaalamu wa nini, kauliza. Nimefunga mlango.

Nimejaribisha meno ya kila saizi niliyonayo. Moja tu limekaa sawasawa, kama limezaliwa hapo: gego la mwisho la chini, la upande wa kulia. Nimeligandisha kwa nta ngumu. Lilikuwa kwenye kadi ya meno ya Bibi, kile kibao ambacho meno ya kiwandani huja yamebandikwa. Ni kadi ya mwisho ya rangi ile, nyingine zinakuja baada ya wiki mbili. Lakini gego la nyuma kabisa, nani atakwenda kulichungulia? Mtu wa umri wake akipata meno ishirini na saba ashukuru.

Jioni mke wangu kauliza kama meno ya Bibi yamekwisha. Nikamweleza habari za nundu na kamba. Kageuka kuitazama cherehani yake, ile niliyoitengeneza mwaka juzi, ambayo tangu siku hiyo inashona kurudi nyuma. Nadhani alivutiwa.

Alhamisi, 6 Machi

ANAFANYA KAZI!

Nimetia betri nikamgusa kichwani. Macho, zungu zungu! Mdomo, wazi! "Fungua kinywa, rafiki yangu!" Kisha akafunga, polepole, kwa adabu zake zote. Nimetokwa na machozi na sioni haya kuandika.

Sijamwonyesha mtu. Jumatatu, mbele ya Daktari na wagonjwa wote, ndiyo siku yake. Nimeanza kuandika hotuba. Kurasa tatu mpaka sasa, na bado sijafika kwenye gia.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Bibi kaja kujaribisha meno yakiwa bado yamepangwa kwenye nta, kabla ya kutiwa plastiki. Kauma taratibu. Meno ya chini yakainuka upande wa kulia. Kauma tena, yakainuka tena. Kasema kwa upole, "Mwanangu, hapa nyuma mbona kama pana nafasi?" Nikamwambia meno mapya yanataka kuzoewa. Akaitikia, kaniamini. Mwongo mkubwa mimi!

Kisha kaniambia jambo ambalo sikumuuliza. Miaka sita hajacheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Kwenye picha zote za familia yuko yeye na kiganja chake. Bibi harusi ndiye mjukuu wake wa mwisho, na zawadi aliyoomba kwake ni moja tu: kesho asizibe mdomo.

Alipoondoka nimebaki nikitazamana na Mamba. Nimemwambia ajira yangu iko kinywani mwake. Nimemwambia pia kwamba Bibi ana miaka sabini na tisa. Hakunisaidia kwa lolote. Nimejiona mtu mdogo sana, mdogo kuliko skrubu zake.

Saa sita mchana nimeling'oa gego. Nimeliosha mara nne, nikalichemsha, nikaling'arisha, nikalipanda mahali pake kwenye meno ya Bibi. Jambo hili yeye hatalijua kamwe, na wewe unayesoma daftari la mtu bila ruhusa, nyamaza hivyo hivyo.

Kwa Mamba nimetia chonge. Ni refu kidogo na lina ncha kali. Litazoea.

Jumamosi, 8 Machi

Bibi kachukua meno yake saa mbili asubuhi. Kajitazama kwenye kioo, kajitazama tena. Alitaka kusema kitu, lakini mimi nilikuwa na haraka, Mamba ananisubiri. Nimemtakia harusi njema nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Nimemrudishia Mamba ngozi. Skrubu nne zimebaki. Wenye viwanda bwana, wanapenda kuzidisha.

Jumatatu, 10 Machi

Siku yenyewe. Nimevaa shati nililoolea. Chumba cha kusubiri kimejaa hadi watu wamesimama.

Hotuba imefika ukurasa wa pili tu, kwa sababu Dada wa Mapokezi, kiherehere chake, kamgusa Mamba kichwani kabla ya wakati. Macho yakazunguka. Watu wakashangilia! Mdomo ukafunguka. Ukaendelea kufunguka. Daktari akainama na kuingiza mkono, maana mtu yule hawezi kuona kinywa kilicho wazi akakiacha.

Hapo zamu ya chonge ikafika. Kap! Mkono wa koti lake jeupe ukabaki ndani.

"Fungua kinywa, rafiki yangu!" akasema Mamba, na chake hakifunguki. "Fungua kinywa, rafiki yangu! Fungua kinywa, rafiki yangu!"

Kaitwa Fundi Simu, kapanda na mkasi. Koti limekatwa kwenye kiwiko. Daktari hana hata mkwaruzo, niandike hilo. Fundi Simu kamulika tochi kinywani mwa Mamba, kauliza jino la binadamu limefuata nini mle ndani. Nikamjibu ni siri ya ufundi. Na niandike hili pia: mtoto mmoja alicheka mpaka akakalishwa kwenye kiti, akang'olewa jino, na bado anacheka.

Kisha Daktari kaniita ofisini. Koti mkono mmoja, uso wa kazi. Nikawaza nitakavyomwambia mke wangu. Nikawaza nta yangu itatupwa wapi. Daktari hajasema neno, mlango ukagongwa.

Bibi! Nyuma yake wazee wenzake watatu, kila mmoja kaziba mdomo kwa kiganja. Bibi hakuziba. Alikuwa anacheka meno yote nje. Katoa picha za harusi akazipanga juu ya meza ya Daktari, na kwenye kila picha anacheka, mikono iko chini. Akanishika mikono yote miwili, akalia. Nami nikageuka kutazama dirisha, sijui kwa nini. Wenzake ndio waliosema: nao wanataka meno, lakini yatengenezwe na mtu yuleyule, hawataki habari za maabara.

Daktari kazitazama picha moja moja. Mwishowe kasema chumba changu kinabaki. Kasema kazi kama ile hawezi kuipeleka kwa watu asiowajua. Kisha kanisihi, kanisihi kabisa, nikae na nta yangu na meno yangu, nisiguse kitu kingine chochote chenye skrubu.

Jumanne, 11 Machi

Usiku mzima nimelitafakari, sasa nimeelewa. Daktari ana haya. Hawezi kummwagia mtu sifa usoni, ndiyo maana kapitia kwenye meno ya Bibi. Meno! Meno ni kazi ya mazoea tu, mkono unajifanyia wenyewe. Kilichoniokoa ni Mamba. Watu walishangilia, niliwasikia kwa masikio yangu, na angenisubiri Dada wa Mapokezi nimalize hotuba, lisingetokea la kutokea.

Tangu jana kiti cha wagonjwa kinalia kikipandishwa. Daktari kasema ataita fundi wa viti aje Alhamisi. Alhamisi! Na wagonjwa wavumilie ile kelele? Leo nimefika mapema kabla ya Daktari, nikakifungua. Kile kiti kikubwa chote kina skrubu kumi na sita tu, mtu anaweza kushangaa. Ndani kuna mafuta, ambayo sikuyatarajia, na yamefika mlangoni.

Mgonjwa wa kwanza ni saa tatu. Sasa ni saa tatu kasoro dakika kumi. Nimemwomba Dada wa Mapokezi amuulize kwa upole kama anaweza kung'olewa jino amesimama.