Diski Nyeusi Aliyoiacha Mke Wangu

Jumatatu, 6 Mei
Bado niko peke yangu. Nimeunguza chai. Sikujua chai inaungua.

Lakini leo nimepata akili! Nyuma ya redio nimekuta diski yake nyeusi, ile albamu ya roki aliyokuwa akiipiga kila jioni, mimi nikimwambia azime hayo makelele. Dada yake, shemeji yangu, amesema kwenye simu kwamba mke wangu atapita Jumamosi kuchukua vitu vyake vilivyobaki. Basi! Kufikia Jumamosi nitaijua albamu nzima. Ataingia, atanikuta natikisa kichwa, roho itamlainika, atarudi. Mpango hauna tundu.

Nimesikiliza wimbo wa kwanza. Mungu wangu! Cherehani yangu ikikwama uzi ina sauti tamu zaidi. Nimeuzima katikati.

Jumanne, 7 Mei
Nimeipeleka diski kazini, pamoja na mashine yake ndogo ya kuipigia. Mimi nashona mapazia. Ninayechangia naye chumba cha kazi anapunguza suruali, tunamwita Sindano. Mwembamba, mjuaji, anapendwa na wateja bila sababu.

Nimevaa vipokea sauti, nikashona huku nasikiliza. Wimbo wa tatu dramu zikatimua mbio, na mguu wangu ukatimua nazo. Nilipokuja kushtuka, nilikuwa nimeshona pazia la mteja pamoja na mkono wa shati langu. Sindano akanifumua, huku akicheka hadi akakaa chini. Akauliza nasikiliza nini. Nikasema taarifa ya habari.

Jumatano, 8 Mei
Hakuamini. Amechungulia diski. Kumbe anaijua! Eti aliwahi kuizungumzia na mke wangu, enzi zile alipokuwa akiniletea chakula cha mchana. Nikauliza mimi nilikuwa wapi. Akasema nilikuwa papo hapo, nakata kitambaa.

Tumeipiga kwenye spika. Wimbo wa saba magitaa yananyamaza ghafla, mwimbaji anabaki peke yake anarudia kwamba yuko hapa, chumbani, yuko hapa. Sindano akatokwa na machozi. Hasira zilinipanda! Mke ni wangu, anayelia ni yeye! Nikajikamua uso mpaka masikio yakauma. Hata tone.

Nikamuuliza albamu hii inahusu nini hasa. Akasema inahusu mtu anayeishi nyumba moja na mtu asiyemsikia. Nikasema maskini mwimbaji wa watu, kuna binadamu wana roho ngumu. Sindano akaniangalia kwa muda mrefu. Pengine nilikuwa na uzi usoni.

Alhamisi, 9 Mei
Mazoezi nyumbani, sauti juu kabisa. Naunguruma pamoja na mwimbaji. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, akaingia bila hodi akiwa na bandeji mkononi. Alidhani nimekatika kidole. Nikamweleza kwamba ni muziki. Akasema hata muziki una mtu ndani, na huyu ameumia.

Kisha akatazama mlango wa chumba kidogo, akauliza kama nimeshaufungua. Nikasema mle hamna kitu. Pazia tu. La njano, lenye bata. Nililishona mimba ilipofika mwezi wa saba. Sijawahi kushona pindo zuri kama lile.

Akanishika mkono, akasema pole mwanangu. Nikamwambia samahani mama, bado sijafanya wimbo wa tano.

Jumamosi, 11 Mei
Amekuja! Amekonda. Gauni la bluu. Nilikuwa tayari, wimbo wa pili, kichwa kinatikisika. Nikaanza kumweleza magitaa, dramu, mahali mwimbaji anapokauka koo. Yote kwa mpangilio. Hakukaa.

“Unajua kwa nini nilikuwa naisikiliza?” akauliza.

Nikasema kwa sababu ya dramu.

“Nilitoka hospitali mikono mitupu,” akasema. “Nyumba ilikuwa kimya. Kwenye hiyo diski angalau kulikuwa na mtu anapiga kelele. Wewe ulikuwa unashona.”

Nikamkumbusha kwamba yalikuwa mapazia ya ukumbi mkubwa. Ya jukwaani. Kitambaa kizito, kinavunja sindano.

Akafungua chumba kidogo, akaingia. Mimi nikabaki mlangoni. Akalishika lile pazia, akapitisha kidole kwenye pindo, mwanzo mpaka mwisho. Nikataka kusema kitu. Nikasema ule ni mshono wa mkono, si wa mashine.

“Najua,” akasema. Halafu: “Wewe ulimlilia lini mtoto wetu?”

Nikasema niko mbioni, Sindano ananielekeza.

Akacheka. Kisha kile kicheko kikageuka kilio, akaegemea ukuta, amelikumbatia lile pazia. Nikajua sasa mambo yameiva! Nikakimbia sebuleni kumwekea wimbo wa saba, sauti juu. Niliporudi chumba kilikuwa kitupu. Nikamkuta kwenye mlango wa mbele, begi mkononi, pazia begani. Akaniambia kitu. Sikusikia, kwa sababu ya spika. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanitazama, akaenda.

Nimeusikiliza wimbo mpaka mwisho. Vumbi lilinijaa machoni. Chumba kile hakijafagiliwa siku nyingi.

Jumapili, 12 Mei
Nimempigia shemeji kuuliza mke wangu alisema nini pale mlangoni. Akasema dada yake amemwambia hivi: “Nilimuuliza kama angependa tukae tu, mimi na yeye, bila chochote. Akakubali. Lakini muziki hakuuzima.”

Kosa ni la spika. Nimemwambia hivyo. Shemeji akavuta pumzi, akasema nimwache dada yake apumzike. Siku hizi anakwenda kuogelea asubuhi, maji yanamtuliza.

Kuogelea! Mbona hawakusema mapema? Naanza kesho. Nimeshajishonea kaptura kwa kitambaa cha pazia. Kwanza, maana mimi sijui kuogelea, nimuulize Sindano kama mtu akizama huwa anaonekana mara moja.