Hisabati ya Yvette Imetuharibia Amani Juru

Juru, Nakivale
Jumanne

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Ualimu,

Ninakuandikia kwa heshima, tena kwa hasira, maana vyote viwili viko ndani yangu. Mimi ni Godeberthe, mlimaji wa maharagi, mama wa Yvette, mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza hapo Mbarara. Tulimtuma asome Kifaransa awe mwalimu. Ninyi mkamwongezea hisabati, eti somo la pili, dogo, la kujaza fasi. Dogo! Jamani, hilo somo dogo limeingia nyumbani kwangu na sasa linatutawala wote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Likizo ya kwanza alipanda maharagi kwa kamba na vijiti, kila shimo na kipimo chake. Majirani wakaja kutazama, mimi nikasimama pembeni ya shamba langu kama mgeni. Wamama wa kanisa walicheka sana, nami nikacheka nao, nikingoja yaoze. Hayakuoza. Yalizaa mengi kuliko yangu ya miaka yote.

2. Kamba ile ile akaifunga mafundo, akaitandaza pembetatu, akaninyooshea kona ya kiwanja. Kumbe migomba yangu mitatu imesimama ndani ya kiwanja cha jirani Parfait, meta mbili nzima! Mheshimiwa, mimi na Parfait tumegombania mpaka huo kwa miaka saba, na miaka yote hiyo sikumsalimia, kwa sababu haki ilikuwa yangu. Sasa inanibidi nimsalimie kila asubuhi, naye huitikia polepole, kwa raha zake.

3. Hili ndilo linaniuma zaidi. Nilimwonya tu, kama mama yeyote, kwamba vijana wote wa Mbarara ni waongo. Akanijibu kwa adabu kwamba kauli yenye neno "wote" huvunjwa na mtu mmoja tu. Nikamwambia haya, nioneshe huyo mmoja. Anaye! Anaitwa Bob, mtoto wa askari wa kambi ya jeshi hapo Mbarara, wanakaa dawati moja katika hiyo hisabati yenu. Mume wangu Constantin alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Usidhani ninaogopa nisichokijua. Hisabati naijua. Nilisoma Math-Physique kule Uvira mpaka mwaka wa nne wa sekondari, ndipo vita vikatukimbiza. Tuliachana bila kuagana, na sikuitafuta tena.

Kwa hiyo ninaomba mumwondolee Yvette hisabati, mumpe somo tulivu, historia kwa mfano, somo lisilotembea na kamba. Kazi ni nyepesi, kwani yeye mwenyewe ameomba kuiacha. Jumamosi alikuja na fomu ya kubadili somo, inayotaka sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa. Alishindwa swali la tano kwenye mtihani, akalia sana, akasema kichwa chake si cha hisabati. Kwa mara ya kwanza mwaka huu tumekubaliana. Fomu iko ndani ya bahasha hii.

Unisalimie walimu, makarani, wapishi na mlinzi wa geti. Bob pia, kidogo. Sisi huku ni wazima. Parfait naye ni mzima, aliniambia leo asubuhi.

Ni mimi, mama mwenye adabu na uchungu,
Godeberthe

Nyongeza: Utaona fomu haina sahihi yangu. Nimesahau kwa makusudi. Swali la tano nililiona kwenye kaye yake ya mazoezi: mfugaji ana waya wa meta mia mbili, upande mmoja wa zizi ni mto, hauhitaji waya, na zizi liwe kubwa iwezekanavyo. Mheshimiwa, kule Uvira tulikuwa tumefika hapo hapo! Jumapili baada ya ibada nilichukua kamba ya meta ishirini badala ya mia mbili, nikavuta hivi, nikavuta vile, Parfait akinishikia ncha ya pili. Kwa waya wote wa mia mbili ni hamsini kwenda, mia sambamba na mto, hamsini kurudi. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya maharagi. Mwambie Yvette jibu linatoka, na kichwa hicho amekitoa kwangu. Tafadhali msimfute. Na kama atakataa kabisa, kiti chake kisibaki wazi: Jumatatu ninaweza kufika.