Kibano Chembamba Kuliko Vyote

Jumatatu, 7 Julai 1997

Bahati imebisha hodi Ujiji! Mzee Abdulkarimu, baba yake Hasna, anataka kanga wa porini kwa pilau ya Maulidi wiki ijayo. Macho yake yamechoka, kwa hiyo Jumapili atatupeleka bonde la Luiche, mimi na binamu yangu Dadi, tupige kwa zamu yeye akiwa pembeni. Atakayejaza sufuria, posa yake itasikilizwa kwanza. Dadi naye anamtaka Hasna! Kinyozi! Sina wasiwasi. Bunduki ya mzee ni ya kisasa, mdomo wake una hesi ndani, mifuo ya kuzungusha kama ya skrubu. Palipo na hesi pana kitu cha kufunga.

Jumanne, 8 Julai

Tangu wakimbizi wavuke ziwa na mashirika yawafuate, soko la Mwanga halikosi kitu. Mablanketi, maturubali, unga wa njano. Mchuuzi Dismasi anauza hata mali za mzungu wa misaada aliyemaliza mkataba, na humo mna kikopo cha vibano vya bunduki! Ni vipande vya bomba la chuma, urefu wa kidole, vinafungwa ndani ya mdomo wa bunduki. Kipana hutawanya marisau, zile punje za risasi. Chembamba huyabana yaende pamoja.

Dismasi alinipa mwakeye yake, salamu ya Waha, akanishauri nichukue kipana, maana Luiche kanga huruka karibu. Mimi si mtoto. Muuzaji anayekusukumia kitu ana lake. Nimechukua chembamba kuliko vyote, nikamwachia viatu vyangu vya Idi.

Kisha nikaenda kwa Dadi kumsifia kile kipana. Alitoka mbio, kamwacha mteja kanyolewa nusu. Maskini!

Alhamisi, 10 Julai

Kibano hakikutoka kiwanda kimoja na bunduki, kwa hiyo lazima kupima. Nilimkuta mzee kibarazani akiipaka bunduki mafuta, haina risasi. Adhana ya alasiri ikalia, akaniachia niilinde. Nikasokomeza sabuni ya mawese mdomoni mwa bunduki nipate alama ya hesi. Ikakatikia ndani!

Hasna akatokea, akauliza kama naiogesha. Akaleta ufito, tukaichokoa pamoja huku akicheka. Mara akanitazama, kama mtu anayengoja kitu. Nikamweleza kuhusu hesi. Kibano kimeingia sawasawa.

Jumapili, 13 Julai

Siku nyeusi.

Dadi alitangulia na kipana chake. Puu! Kanga wawili chini, mabawa yamevunjika, wanatapatapa. Mzee akawawahi na kisu, bismillahi, akachinja. Mara ya pili, watatu. Sufuria ikaanza kujaa.

Zamu yangu. Kanga wakaruka hatua kumi na tano mbele yangu. Nikafyatua. Lahaula! Manyoya matupu, na mguu mmoja. Mara ya pili alianguka mmoja, mwili wote, lakini alifika chini ameshakufa. Wa tatu vilevile. Mzee alisimama na kisu chake, hana wa kumchinja. Kasema ni kibudu, nyumbani kwake hakiingii.

Nilimkumbusha kwa adabu kwamba wapo masheikh wanaosema bismillahi wakati wa kufyatua inatosha. Akaniuliza kama niliisema.

Nilikuwa nimesema, “Dadi, tazama hapa!”

Bonaventura, mwenye shamba la jirani, ambaye ni Mkristo, aliondoka na kanga wangu akinishukuru sana.

Jumatatu, 14 Julai

Posa ya Dadi imekubaliwa. Nilikutana na Hasna kisimani nikamlalamikia kuhusu kanga. Kasema kanga hawahusiki. Baba yake alimuuliza anamtaka nani, na mwezi mzima alikuwa amejiandaa kunitaja mimi, kanga wawepo wasiwepo. Alingoja nimtamkie neno moja tu, hata siku ile ya sabuni. Jana jioni Dadi alimtamkia. Mimi nilikuwa nyumbani nasugua kibano.

Nimeumia. Nikamtwika ndoo yake, akaondoka.

Nimekaa nikatafakari mchana kutwa, na kosa nimeliona. Kibano kilikuwa kifupi! Dismasi kapata kingine, kirefu shubiri nzima, kinatokeza nje ya mdomo. Posa si ndoa, na siku ya arusi lazima wapike kanga. Kwa hicho Dismasi anataka koti langu jipya, lile nililoshonesha kwa ajili ya kuolea. Nampelekea kesho asubuhi, kabla hajaghairi.