Siku Tano za Ubora Pale Kambi Nyasi

Itangazwe kwa wagonjwa, kwa wanaotarajia kuugua, na kwa wale ambao kwa sababu zao binafsi wameamua kubaki wazima, kwamba Hospitali ya Kambi Nyasi, mwendo mfupi kutoka Gilgil, sasa ina viongozi kumi na wanne. Madaktari ilikuwa nao wawili, lakini mmoja alipandishwa cheo akawa kiongozi, kwa hivyo mambo yamekaa sawa.

Mkubwa wa hao kumi na wanne alikuwa Bwana Maxwel Makhanu, Msimamizi Mkuu, mtu wa suti ya kijivu na kalamu tatu mfukoni, moja ikiandika. Makhanu alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kiti cha Mkurugenzi wa Ubora, kule Nakuru mjini, ghorofa ya tatu. Kilikuwa wazi tangu Januari. Alishawahi kukikalia siku karani alipotoka kwenda chai. Kilizunguka bila kulia.

Ili kukipata, ilimbidi apunguze muda ambao mgonjwa anasubiri. Wakati huo mgonjwa wa Kambi Nyasi alisubiri saa sita, na si kwamba Makhanu alikuwa amelala. Alikuwa ameunda cheo cha Mratibu wa Foleni. Foleni ilipokataa kupungua akamuundia Mratibu naibu. Halafu akaja Afisa wa Mabenchi, halafu Mshauri wa Kukohoa kwa Utaratibu. Kila mmoja alipewa ofisi, meza na muhuri. Mgonjwa anakuja na daftari lake la shule, lile la kurasa thelathini na mbili ambalo ndilo faili lake la hospitali, linazungushwa ofisi kwa ofisi likigongwa mihuri, na likipona huko ndipo linafika kwa daktari.

Jumatano moja, mama mmoja wa kutoka upande wa Elementaita, jina lake Cheptanui, alimsimamisha Makhanu kwenye korido. Goti lake la kulia lilikuwa limefura kama kabichi. Hiyo ilikuwa siku yake ya tatu.

"Boss, daktari amenirudisha. Anasema daftari limejaa, hana pa kuandika."

Makhanu akalifungua. Kweli. Mihuri ilikuwa imejaa kila ukurasa, hadi nyuma ya jalada, juu ya jedwali la kuzidisha, ambapo saba mara nane ilikuwa sasa ni IMEPOKELEWA.

"Mathe, hapa hujarudishwa. Umehudumiwa sana."

"Na goti?"

"Goti liko njiani. Nunua daftari lingine uanze upya pale kwa Bravin."

"Bravin ndiye nani?"

"Afisa wa Mabenchi."

"Na benchi liko wapi, kijana yangu? Nimesimama tangu asubuhi."

"Benchi liko kwa mpango wa mwaka ujao."

Cheptanui alimwangalia kutoka viatu hadi kalamu. "Haya. Nitaliambia goti lingoje bajeti."

Makhanu alipenda sana mgonjwa anayeelewa.

Wiki hiyohiyo ikaja barua. Kulikuwa na mafunzo ya Uongozi na Ubora katika Usimamizi wa Huduma za Afya, siku tano, hoteli moja kando ya Ziwa Naivasha. Kila hospitali imtume kiongozi mmoja. Makhanu aliisoma mara mbili na kuona kosa. Ukimtuma mmoja, kumi na watatu watabaki bila ubora, na ubora ukiingia hospitali nusunusu unaleta fujo. Wakaenda wote. Walifunga ofisi zote kumi na nne, mihuri ikiwa ndani, kwa sababu muhuri ni mali ya serikali.

Nyuma alibaki Daktari Kigen, ambaye hakuwa kiongozi wa kitu chochote, na Sista Chepchumba.

"Bwana Makhanu," Chepchumba aliuliza pale getini, "na hawa watu watagongewa mihuri na nani?"

"Wavumilie. Siku tano tu."

"Na kukija mtu ameumwa na nyoka?"

"Mwandike jina. Vizuri. Tusije tukamkosea heshima."

Huko Naivasha walisoma, hakuna mtu atadanganya. Walichora duara kwenye karatasi kubwa na kuandika MGONJWA katikati. Kufika siku ya pili duara likajaa vyeo, mgonjwa akahamishiwa pembeni kupatikane nafasi. Siku ya nne kiboko alitoka ziwani, akala nyasi za hoteli bila kuuliza mtu, na mkufunzi akasema huo ndio uongozi. Makhanu akaandika hiyo pia.

Jumatatu asubuhi alirudi, akamkuta Chepchumba na karatasi mkononi. Wagonjwa waliotibiwa siku hizo tano: mia tatu na kumi. Muda wa kusubiri: dakika kumi na tisa.

Makhanu alikaa chini. "Sista. Mlifanya nini?"

"Tuliwatibu."

"Hiyo nimeelewa. Nauliza mfumo."

"Mfumo gani? Walipanga madaftari yao kwa dirisha, wakaenda kukaa kwa jua. Naita jina, mtu anaingia, Kigen anamwangalia, anapewa dawa, anaenda kwao. Hata yule mathe wa goti alitolewa maji, akatoka hapa akitembea. Alikuwa amebakisha kidogo tu apoteze mguu."

Makhanu alimsikiliza hadi mwisho, na polepole jibu likamjia. Mafunzo! Mafunzo yalikuwa na nguvu kiasi kwamba yalifika Kambi Nyasi kabla ya wenyewe. Hapohapo akamtuma Bravin kuchora grafu ya rangi, na ofisi zikafunguliwa. Kufikia saa saba mchana foleni ilikuwa imerudi hadi getini, na Mratibu wa Foleni akafurahi kuikuta hai.

Mwezi uliofuata Kamati ya Ubora iliwaita viongozi hao na Sista Chepchumba Nakuru mjini. Kulikuwa na hema, viti vimevalishwa vitambaa, na spika kubwa iliyokuwa ikipiga mluzi kila mara mtu akitaja neno "mikakati". Mwenyekiti wa kamati alikuwa Madam Linah, mama wa miwani iliyokaa chini kabisa ya pua. Aliangalia grafu ya Kambi Nyasi kwa muda mrefu. Mstari ulikuwa juu, ukaanguka kama jiwe, ukakaa chini siku tano, halafu ukapanda tena kama moshi.

"Bwana Makhanu, hizi siku tano mlikuwa wapi?"

"Naivasha, Madam. Tukisoma."

"Nani na nani?"

"Uongozi wote. Watu kumi na wanne. Hatukuacha mtu nyuma."

"Na hapa foleni inapopanda?"

"Hapo," alisema Makhanu kwa fahari, "ndipo tuliporudi."

Spika ilipiga mluzi na hakuna mtu aliyetaja mikakati. Madam Linah aliinama akanong'onezana na wenzake, kisha akasimama.

"Kamati imeridhika. Miaka tisa tumetafuta dawa ya foleni, na Kambi Nyasi mmeipata. Dawa yenyewe ni nyinyi kutokuwepo. Kwa hivyo kuanzia Jumatatu, kutokuwepo kwenu kutakuwa kwa kudumu. Zile ofisi kumi na nne ziwekwe vitanda. Sista Chepchumba ataendelea na huo mfumo wake wa kutibu watu."

Chepchumba, kiti cha nyuma kabisa, alipiga makofi hadi saa yake ikafunguka mkononi.

"Na ile nafasi, Madam?" Makhanu aliuliza. "Ya ghorofa ya tatu?"

"Umepewa. Tumeibadilisha jina tu. Wewe sasa ni Mkurugenzi wa Kutokuwepo, kaunti nzima, na hao wenzako kumi na watatu ndio idara yako."

Makhanu alitabasamu, kwa kuwa mpiga picha alikuwa tayari amechuchumaa.

Jumatatu saa mbili kamili alifika Nakuru na suti mpya. Ghorofa ya tatu alimkuta karani, msichana mmoja anayeitwa Shantel, akipaka siagi kwenye mkate.

"Sasa, boss?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi wa Kutokuwepo. Nimeripoti kazini."

Shantel aliweka kisu chini. "Umekuja? Wewe mwenyewe? Na miguu yako?"

"Saa mbili kamili."

"Wueh. Siku ya kwanza tu na tayari umevunja masharti." Akavuta rejista. "Pole, lazima niandike kwamba ulionekana. Hilo ni onyo la kwanza. Yakifika matatu unafutwa."

"Ngoja, ngoja, msichana. Nani anashughulikia malalamiko hapa?"

"Malalamiko ni idara yako, boss. Amepewa Bravin."

"Basi niitie Bravin."

"Hajaonekana. Huyo anajua kazi."

"Atakuja lini?"

"Akija tu," alisema Shantel, akirudia mkate wake, "anaandikwa kama wewe."